Msiligeuze Hilo Jiwe

Mtu aliyesomea Singida mjini hahitaji kufundishwa kuona kitu ndani ya jiwe. Nyuma ya shule yetu palikuwa na jiwe la kuku anayeatamia, na kwenye njia ya ziwani kulikuwa na la mzee mwenye upara, ambaye kila mvua ikinyesha tulisema ametoka kuoga. Tulibishana juu ya mawe hayo mpaka tukanuniana. Rafiki yangu mmoja aliapa kwamba yule kuku ni kobe, na hadi leo, mtu mzima mwenye wajukuu, hajaomba radhi. Kwa hiyo nilipowakuta watu wa nchi za mbali wakigombana kwa adabu juu ya mawe ya sayari nyingine, nilijiona niko kwetu.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo ruksa ya kila mtu kufanya biashara imeshazoeleka. Soko limejaa mitumba, kampuni za simu zinagombania kuta za maduka yetu kwa rangi zao, na mimi nimefungua kafe ya intaneti karibu na stendi, kompyuta chache kuukuu za kichogo zilizofika na vumbi lake kutoka Dar. Intaneti yenyewe ilikuwa ya kuomba Mungu. Picha ilishuka kipande kwa kipande. Ungeweza kwenda kununua maandazi ukarudi ukaikuta imefika shingoni.

Wateja walikuja kuandika maombi ya kazi, kuangalia matokeo ya mitihani, na wengine, tusifichane, kutafuta wachumba. Mmoja aliondoka bila kufunga ukurasa aliokuwa akisoma, nami kwa umbea wangu nikakaa kuusoma. Lilikuwa jukwaa la watu waliokuwa wakichambua picha za Mirihi. Wataalamu walikuwa wamepeleka huko vigari vyenye magurudumu, visivyo na dereva, na picha zilizopigwa na vigari hivyo ziliwekwa hadharani kila mtu azione. Watu wa jukwaa walizikuza, wakazipunguza mwanga, wakazichorea mishale. Huyu kaona mfupa wa paja, yule kaona kijiko. Palikuwa na mmoja aliyeona uso wa simba kila mahali, na mwingine ambaye hakuwahi kuona kitu: kwake yeye yote ni mawe na vivuli, basi. Huyo nilimpachika jina la Bwana Mawe. Niliwapenda wote. Nikajiandikisha, na kwa Kiingereza changu cha sekondari na kamusi mkononi, nikaanza kubishana nao.

Mama alikuwa akija mjini siku za gulio na tenga la kuku, kutoka kijijini kwetu kwenye barabara ya Sepuka. Akimaliza sokoni alikuja kusubiri basi kafeni kwangu, na kuku waliobaki wakawekwa chini ya meza ya mbele, wakawa wanachangia mazungumzo. Kafe ilikuwa yangu, lakini siku hizo sheria zilikuwa zake. Kijana akiingia na visikizi masikioni bila kumwamkia, mama alikwenda kusimama nyuma ya kiti chake, kimya, mpaka mwenyewe ahisi joto shingoni ageuke. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Haya, endelea na kazi yako." Nilipoteza wateja wawili watatu kwa mtindo huo, na waliobaki walikuwa na adabu kuliko wa kafe yoyote Tanzania.

Sasa lazima niseme jambo la mama, maana bila hilo yote yanayofuata ni porojo.

Watu humwita mama kwa jina langu, mama wa fulani, kana kwamba mimi ndiye niliyemfungua tumbo. Si mimi. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike, akiwa bi harusi mchanga kwenye tembe la wakwe zake, ndani kabisa huko nyuma ya Sepuka. Mtoto hakuota hata jino. Kwao mtoto wa umri huo hawekewi matanga. Wanawake wachache humzika kando ya nyumba, na mzazi huambiwa atapata mwingine. Mama aliambiwa hivyo, akarudi kusaga. Haikupita muda ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Wanaume wakang'oa nguzo za tembe wakazibeba kwenda kujenga upya barabarani, wanawake wakabeba vyungu na watoto. Jiwe la kusagia halibebeki juu ya mizigo yote hiyo. Mama alilikokota la kwake mpaka pale mtoto alipolala, akalifudikiza juu yake, uso wa kusagia chini, na lile dogo la mkononi akaliweka ubavuni. Hakumwambia hata baba.

Aliniambia mimi siku nilipojifungua mwanangu wa kwanza, huku ananikanda kwa maji ya moto, akanikataza nisimwambie mtu. Alisema aliwahi kurudi kule mara moja baada ya miaka mingi, hakuona kitu. Udongo wa tembe ulikuwa umeyeyuka, vichaka vimefunga, na yeye pale alikuwa mgeni. Njia aliyoijua ni ya kisimani tu. Baba, ambaye angemwonyesha, alikuwa ameshafariki. Mama alitaka kitu kimoja kabla hajafa, kupaona pale mahali. Lakini hakuwa mtu wa kusema hivyo. Alikuwa akisema tu, ghafla, katikati ya kula, "Lile jiwe langu lilikuwa zuri sana."

Siku moja ya gulio nilikuwa nimefungua picha mpya jukwaani, inashuka polepole. Mchanga mwekundu, kisha jiwe bapa lenye mgongo wa mviringo, limelala. Pembeni yake, jiwe dogo. Watu walikuwa wameshaanza: kobe, kofia ya chuma, simba amejificha. Bwana Mawe alikuwa ameshaandika neno lake moja. Mama alikuwa akikunja kanga yake nyuma yangu, nikasikia ameacha kukunja.

"Hapo ni wapi?"

"Mirihi, mama. Ni dunia nyingine, mbali huko juu."

"Na wenyewe walihamia wapi?"

"Hakuna watu huko. Hawajawahi kuwepo."

"Basi hilo jiwe la kusagia kalifudikiza nani?"

Nilicheka, halafu nikamwangalia, kicheko kikaniishia. Alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono yote miwili. Akaniuliza picha kapiga nani, nikamwambia ni kigari, akauliza kinafanya nini pale. Nikamweleza, kwa ujinga wangu, kwamba kina mkono wa chuma, kwamba kinayakaribia mawe na kuyakwangua kuona ndani yake kuna nini.

"Andika," mama akasema. "Waambie wasiligeuze."

"Mama, hawa ninaoongea nao siyo wenye gari. Wanaangalia picha tu kama mimi."

"Wenye gari hawajui kusoma? Andika, mtoto wewe."

Nikaandika: mama yangu, mkulima wa Singida, Tanzania, anasema hilo ni jiwe la kusagia nafaka lililofudikizwa, na anaomba sana lisigeuzwe. Mama akanitaka nimsomee kwa Kiswahili nilichoandika, halafu akanitaka nimsomee tena kwa Kinyaturu, ahakikishe sijapunguza kitu.

Majibu yalikuja mengi kuliko niliyowahi kupata kwa maneno yangu mwenyewe, na nakiri iliniuma kidogo. Wengine walicheka. Mmoja alisema siku zote amekuwa akihisi Mirihi kulikuwa na kilimo. Bwana Mawe aliandika kwamba ni jiwe lililochongwa na upepo, lakini mama aambiwe kuwa amesikika. Na palikuwa na bwana mmoja mtulivu, mstaafu, ambaye kazi yake pale jukwaani ilikuwa kusafisha picha za wenzake mpaka ukungu utoke. Huyo hakusema ni jiwe wala si jiwe. Aliuliza: kwa nini mwanamke afudikize jiwe lake?

Nilimgeukia mama.

"Mwambie tulipohamishwa niliacha langu hivyo, asije mwingine akalitumia. Inatosha hiyo."

Picha zilizofuata zilionyesha kigari kimekwishapita, jiwe limebaki nyuma, dogo, halijaguswa. Nadhani wenyewe hata hawakuwa na mpango nalo. Lakini nani angemwambia mama? Alirudi kijijini akiwa amesimamisha gari Mirihi, na kwa muda mrefu jirani zake wakitaka kumchokoza walimwomba asimamishe pia mabasi yanayowapita kituoni.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo yule bwana mtulivu alipoandika maneno ninayoyakumbuka mpaka leo. "Tumekaa hapa tunatafuta nyumba za watu ambao hawakuwepo," aliandika. "Kwa nini tusitafute ya mtu aliyepo?" Picha za dunia zilizopigwa kutoka angani zilikuwa zimeanza kupatikana, mtu yeyote angeweza kuziangalia. Kama mama anakumbuka chochote kuhusu nyumba yake ya zamani, yeye yuko tayari kutafuta.

Mama alikumbuka. Tatizo ni kwamba alikumbuka kwa mwili, siyo kwa ramani. Kisima kilikuwa umbali wa kuchoka mara moja. Kilima kilikuwa "kile ambacho ukikiona unajua umefika". Nilikasirika, nikamwambia mzungu hawezi kutafuta uchovu kwenye picha. Yule bwana ndiye aliyekuwa na subira. Aliuliza: asubuhi, mama akiwa anasaga, jua lilimpiga wapi? Mama akapiga magoti palepale sakafuni kafeni, mbele ya wateja, akaweka mikono kama ameshika jiwe, akafumba macho.

"Begani," alisema. "Bega la kushoto. Na zizi la ng'ombe lilikuwa mgongoni kwangu, maana harufu ilinijia ikitoka nyuma."

Basi tukajua alitazama kusini, na zizi lilikuwa kaskazini. Hivyo hivyo, kipande kwa kipande, tukajenga kwa maneno tembe lililokwishaanguka, na yule bwana akawa anavinjari vichaka vyetu kutoka huko aliko.

Jukwaa zima likamfuata, na sasa watu wale wakaanza kubishana juu ya Sepuka. Kila alama aliyoichora bwana mtulivu ilipata wakili na hakimu. Yule wa simba aliona simba. Nilipomtafsiria mama, alisema hajakosea sana, simba walikuwepo. Lakini Bwana Mawe alipoandika kwamba lile duara tulilodhani ni zizi ni kivuli cha wingu tu, na kwamba pale hapakuwahi kuwa na nyumba, mama aliwaka.

"Mwambie huyo, moshi wa ndani mle ulinitia wekundu wa macho mpaka leo. Kivuli kina moshi?"

Niliandika vilevile. Siku ya pili bwana mtulivu akaleta picha ya eneo lilelile iliyopigwa majira ya mvua. Duara lilikuwa lipo palepale, lina majani mabichi zaidi ya pembeni kote, kama ilivyo kawaida ya ardhi iliyolaliwa na ng'ombe miaka mingi. Kusini yake, kwa kufifia sana, kulikuwa na mstari ulionyooka, na kona. Bwana Mawe akaandika: "Huenda." Kwa mtu yule, huenda ni sawa na kula kiapo.

Tulikwenda mimi na mama, na ile picha nimeichapa kwenye karatasi. Basi lilituacha Sepuka, tukaingia kwa miguu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Mwanzo alinitangulia kwa mwendo wa msichana, mpaka nikaomba tupumzike. Kisha kilima kilipotokea, kilima kama vilima vingine vyote, alisimama. "Tumefika," alisema, na tangu hapo nikawa mimi wa kumvuta mkono.

Vichaka alivyovikuta zamani havikuwepo tena. Palikuwa na shamba la alizeti limekomaa, vichwa vimeinama, na mwanamke wa rika langu anakata. Alitamka shikamoo kwa mama kabla hatujamfikia, mama akamwitikia, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za watoto, yote kwa utaratibu wake. Lakini macho ya yule dada yalikuwa kwenye karatasi yangu. Siku hizo watu waliokuja na karatasi kwenye mashamba ya wenzao hawakuwa wamekuja kwa heri.

"Hapa tumegawiwa na kijiji," alisema. "Mume wangu akirudi atawaeleza."

"Hatukuja kwa ajili ya shamba, mwanangu," mama alimwambia. "Tupe maji tu."

Akatupeleka kwake, nyumba ndogo ya bati pembeni ya shamba. Kando ya jiko lake lilikuwepo jiwe la kusagia, uso juu, lina unga wa mtama bado. Mama hakuyaangalia maji. Aliinama, akaingiza kiganja ndani ya ule mbonyeo, kikaenea chote, akakiacha humo.

"Hili ulilitoa wapi?"

Yule dada akaniangalia mimi, akamwangalia mama. Sauti ikapungua. Alisema alilikuta shambani mwaka aliokuja kuolewa, limefudikizwa. Hakuwa na jiwe, akamshukuru Mungu, akalinyanyua. Chini yake akaona udongo ulivyokaa na vijiwe vilivyopangwa, akajua amefanya kosa. Alitaka kulirudisha, mume wake akakataa, akasema jiwe zuri vile haliwezi kulala bure.

"Lakini lile dogo sikuligusa," alisema. "Na hapo hatulimi. Nilimwambia mume wangu, siku utakayopitisha jembe hapo mimi narudi kwetu."

Alitupeleka. Katikati ya alizeti palikuwa na kipande cha majani, si kikubwa kuliko mkeka, mistari ya jembe imefika kwake ikakwepa. Jiwe dogo lilikuwa hapo, limezama nusu.

Mama alikaa chini, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wafiwa. Akalia. Nimemwona mama akimzika mume na ndugu zake, na sikuwahi kusikia sauti ile. Yule dada, ambaye hakuwa ametuuliza hata majina, akafunga kanga kiunoni, akakaa naye bega kwa bega, akalia pia kwa sauti, kama inavyompasa jirani. Nami nikakaa. Dada yangu akapata matanga yake mchana ule, wanawake watatu na ndege wanaodonoa alizeti.

Wakati wa kuaga, yule dada alitaka kuturudishia jiwe. Alishaanza kulifuta unga. Mama akamshika mkono.

"Sagia, mwanangu. Mimi nina meno machache, na mashine iko karibu na kwangu."

Kwenye basi nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani nitakavyoliandikia jukwaa. Walikuwa wanasubiri. Yule bwana mtulivu hasa alikuwa amehangaika na vichaka vyetu wiki baada ya wiki, bila hata kuijua sura ya mama. Nikamwambia mama ninachotaka kuandika.

"Waambie hatukuona kitu," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Alirudia. Nilikasirika kweli, nikamwambia huko ni kukosa shukrani, kwamba bila watu wale tusingefika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ni watu wazuri," alisema. "Nawapenda. Lakini wale hawawezi kuona jiwe wakaliacha. Wakijua pana kitu, yupo atakayetaka kuja kupima. Waambie ni mawe tu."

Nikaandika hivyo. Tumefika, hatukuona nyumba, ni mawe na majani, tunawashukuru wote. Bwana Mawe alifurahi, ingawa kwa heshima. Yule wa simba alihuzunika, akasema tungetembea kidogo zaidi. Bwana mtulivu hakuandika kitu jukwaani. Niliona tu kwamba zile picha zake zote za Sepuka, zenye duara na mishale, ameziondoa. Nikaona aibu, nikadhani nimemuudhi.

Kisha ukaja ujumbe wake kwangu peke yangu, mstari mmoja. "Mpe mama yako pole zangu nyingi," aliandika.

Nilitafuta katika yote niliyowahi kumwandikia. Nyumba, kisima, zizi, bega la kushoto. Mtoto hakuwemo popote. Siku ya gulio mama alipokuja nilimsomea ule mstari, nikamweleza kwamba sikuvunja siri yake, kwamba sijui amejuaje.

Mama hakushangaa. Alivuta kiti akakaa karibu nami, karibu kuliko kawaida yake, akautazama ule mstari asioweza kuusoma.

"Huyo naye kazika," alisema. "Muulize wa kwake aliitwa nani."

Nikaanza kuandika. Akanigusa mkono.

"Na wa kwangu mwandikie." Akalitaja jina la dada yangu, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Nililiandika polepole, herufi moja moja, nisije nikalikosea.